Jinsi ya Kuhukumu Kontrola Isiyo na Kosa

Foklifti ya umeme imeanza vituko. Dereva akikanyaga mafuta (ndiyo, tunayaita mafuta hata kama kinachoisukuma ni betri ya volti 48), inatambaa, inashtukashtuka au inagoma kabisa. Nje ya ghala makontena mawili yanasubiri kushushwa, na dereva wa lori keshalaza kiti. Ondoa shaka. Ukifuata mwongozo huu utamaliza siku na pesa za bosi, na heshima yako itabaki palepale.

1. Toa hukumu kabla hujashuka kwenye bodaboda. Tikisa kichwa, kisha sema kwa sauti nzito: "Kontrola hiyo. Imekufa." Ni kifaa kinachoigawia mota umeme, tena cha bei mbaya, kwa hiyo lazima kiwe na hatia.

2. Usimsikilize dereva. Akianza, "Fundi, mimi huwa nakanyaga kwanza halafu ndiyo nawasha," mkatize. Ukimwacha amalize utakumbuka kwamba mashine nyingi hukataa mpangilio huo makusudi, zisije zikaruka na kumgonga mtu. Dawa yake ni kuinua mguu, kuzima, kuwasha, kuchagua mbele au nyuma, ndipo kukanyaga. Dawa ya bure hiyo. Sasa wewe utakula nini?

3. Dharau vitu vidogo. Swichi iliyo chini ya kiti, breki ya mkono, kitufe chenye picha ya kobe ambacho mtu amekibonyeza kwa kiwiko: hayo si mambo ya fundi mkubwa. Usijiulize pia kama uma uko juu au usukani umekatwa sana, ingawa mashine nyingi za kisasa hupunguza mwendo zenyewe hapo. Na usiiname kutazama chini ya pedali. Unaweza kukuta nailoni ya kufungia mizigo imejisokota mle, ukaaibika.

4. Iamini betri kwa macho. Alama inaonyesha imejaa, basi imejaa. Kuipima ikiwa imebeba mzigo ni kujitafutia ukweli usioutaka. Kontrola ikiona volti zimeporomoka, au yenyewe imepata joto kupita kiasi, hupunguza nguvu ili isiungue. Huo ni uungwana. Wewe uite ugonjwa.

5. Mita ibaki kwenye begi. Ukiitoa, kazi itaharibika. Itabidi uinue magurudumu yanayoendesha yasiguse sakafu, uyawekee magogo imara, kisha upime waya wa ishara unaotoka kwenye potenshomita ya pedali huku ukiibonyeza pedali taratibu kwa mkono. Volti zinatakiwa kupanda bila kuruka. Kwenye mashine nyingi huanzia karibu na sifuri hadi nne au tano. Zikipanda vizuri, zikadondoka ghafla katikati, kisha zikarudi, umeshamkamata mwizi: njia ya kaboni ndani ya potenshomita imelika pale mguu wa dereva unaposhinda kutwa. Ndiyo maana mashine inashtuka. Zisipopanda kabisa, huenda waya umekatikia kwenye bawaba. Na swichi ndogo iliyo kwenye pedali isipolia "tik" pedali inapoanza kushuka, kontrola haijui hata kama kuna mtu amekanyaga. Vyote hivyo ni vipuri vya bei ndogo. Aibu tupu.

6. Taa inayopepesa kwenye kontrola izibe kwa seloteipu. Mipepeso hiyo ni namba ya kosa, na maelezo yake yamo kwenye kitabu cha mashine. Kitabu kiko ofisini, kimekaliwa na birika la chai.

7. Hapa utani kando. Kabla ya kugusa vituo vya kontrola, chomoa betri, vua pete na saa, kisha toa chaji ya kapasita kwa rezista kama kitabu kinavyoelekeza. Betri ikishachomolewa, kapasita bado zina chaji ya kutoa cheche na kukuunguza.

8. Funga kontrola mpya. Mashine ikishtuka vilevile, usitetereke. Mwambie bosi, "Sasa tumebaki na mota." Baada ya mota, dai betri. Kwa utaratibu huu zamu ya potenshomita itafika tu, na foklifti itapona. Kwenye ripoti potenshomita usiitaje. Andika: "Mfumo mzima wa mwendo umefanyiwa ukarabati," halafu chini yake ongeza nauli ya bodaboda.