Tramu ya Magurudumu ya Mpira

Wenzetu wa Lisbon wakitaka kuonja historia ya usafiri wa mji wao, hupanda tramu. Sisi wa Kitale tunapanda matatu, ambayo nayo ni tramu kamili, ila haina reli, haina ratiba, na abiria wa 15 hukalia nusu ya paja la wa 14.

Dirishani, historia inapita. Reli ilifika Kitale mwaka 1926: tawi lililochipuka Leseru, likapita Soy na Hoey's Bridge (siku hizi Moi's Bridge) kufuata mahindi ya masetla. Njia kuu ikashika Turbo, Webuye, Bungoma na Malaba, ikaingia Uganda. Itazame ramani, ucheke kidogo. Mtu wa Kitale mwenye shemeji Bungoma ilimbidi kwanza arudi Leseru, ampe shemeji kisogo, abadili gari, ndipo ageuke magharibi. Waliochora waliiwaza Mombasa na meli. Mambo ya mashemeji hayakuwa kwenye bajeti.

Garimoshi la mizigo hupita Bungoma hata leo likienda Malaba. Kontena linasafiri limejinyoosha, halisukumwi na makanga, wala haliambiwi "songa kidogo, mama".

Na ile reli ya kisasa? Ilifika Naivasha mwaka 2019, ikaketi kupumzika. Kwa mwendo huo, wajukuu wetu wa Kitale wanaweza kuanza kumwandalia mgeni kitanda. Bila haraka.