Sifa za Mdeni Asiyelipa

Wengine na wawasifu mashujaa. Mimi leo namsifu "due to", maneno mawili ya Kiingereza ambayo yameokoa vibarua vya watu wengi.

Kwanza nasaba. "Due" ametoka kwenye kitenzi cha Kilatini debere, yaani kuwiwa, akapitia Kifaransa cha kale ndipo akavuka maji kuingia Uingereza. Kwa damu, basi, ni deni.

Wanasarufi walimfunga kamba fupi. Ukisema kuchelewa kwa treni kulikuwa "due to" ukungu, hewala. Ukisema treni ilichelewa "due to" ukungu, umekosa: jina huweza kuwiwa, kitenzi hakiwiwi, hapo sema "because of". Treni ni ile ile, ukungu ni ule ule, alama zimekwenda. Mnamo 1926 H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza, aliwatwisha kosa hilo watu wasiosoma. Na "owing to", mdeni mwenzake wa ukoo mwingine, alikuwa amekwisha samehewa!

Lakini mnyonge hakosi siku yake. Tarehe 14 Oktoba 1957, Malkia Elizabeth II alifungua Bunge la Kanada mjini Ottawa, na alipofika kwenye dhiki ya wakulima waliokosa soko la nafaka, akafungua sentensi kwa "due to". Nani angemkata Malkia alama?

Ila fadhila yake kuu ni huruma. Hutaja chanzo, humsitiri mkosaji. Waulize abiria wa Uingereza: kila vuli treni huchelewa "due to" majani yaliyoanguka relini. Februari 1991 shirika la reli likailaumu theluji, eti si ya aina iliyozoeleka. Meneja hayumo katika sentensi. Na jani haliitwi kwenye kikao cha nidhamu.

Kwetu ana binamu, "kutokana na". Maji yamekatika wiki nzima "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu", na tangazo lina mhuri. Ukishausoma mhuri, unachukua ndoo, unakwenda kwa jirani.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakumjua huyu. Harusi zote amehudhuria yeye. Matanga amewaachia majani, theluji na wewe mwenye ndoo.