Heko kwa Stelingi wa Ifakara

Watu humsema vibaya mtu anayejiona stelingi, yule ambaye dunia kwake ni filamu yake, na sisi wengine tumewekwa humo tumpishe njia. Wanasema anajisikia. Mimi nimekuja kumsifu, maana bila yeye Bonde la Kilombero lingejaa mambo yanayotokea bila sababu.

Tuanze na mvua. Wataalamu watakueleza habari za masika, pepo na milima ya Udzungwa. Stelingi ana maelezo mafupi zaidi: imenyesha kwa kuwa ameanika mpunga. Kautandaza uani juu ya turubai, supa wa kunukia, akaingia ndani kunywa chai. Wingu likachungulia kutoka Udzungwa, likamwona. Kwamba mtaa mzima ulikuwa umeanika, na mtaa mzima ukakurupuka kuvuta maturubai, hilo halimhusu. Wale walinyeshewa tu, yeye alilengwa.

Treni ya TAZARA nayo anaijua. Reli hiyo waliyotujengea Wachina na kuikabidhi 1976 ina kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia. Ikichelewa, sisi stesheni ya Ifakara tunatandika khanga tunalala. Yeye hulala vipi? "Nilijua tu! Siku ninayosafiri mimi!" Sidhani kama reli hiyo imewahi kupewa heshima kubwa hivyo: injini ife huko mbali, nchi mbili zikwame, ili akomolewe mtu mmoja aliyekalia begi Ifakara.

Lakini ushindi wake mkuu uko kwa mbu. Kila asubuhi anakuonyesha mikono: "Tulilala watatu, wakanifuata mimi tu." Tulimcheka miaka mingi. Ila tulichagua mji mbaya wa kumbishia, kwani mbu wa Ifakara wanachunguzwa na maabara aliyoianzisha mwanasayansi wa Uswisi Rudolf Geigy miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Na hao wataalamu wanakubali kwamba mbu hawatupendi kwa usawa. Wanafuata pumzi na harufu ya mwili, na kuna watu wananukia utamu kuliko wenzao. Mwaka 2010 Fredros Okumu wa taasisi hiyo na wenzake walichapisha habari ya harufu ya kutengeneza iliyovuta mbu mara tatu hadi tano kuliko mtu, kila kimoja kikiwa kwenye kibanda chake. Fikiria aibu: stelingi kapitwa na dawa ya chupa! Ila walipoweka mtu na harufu hiyo kibanda kimoja, ubora wa chupa ukayeyuka, na pengine mbu wakamwendea mtu. Nilipomsimulia, hakushangaa hata kidogo.

Pigo lililomuumiza ni Daraja la Magufuli juu ya Mto Kilombero, mita 384, lililofunguliwa 2018. Zamani kwenda Lupiro au Mahenge ulipanda pantoni. Mto ule umechukua watu, na juu ya hao sina utani. Lakini aliyevuka salama alifika ng'ambo na hadithi ya wiki nzima: upepo ulivyovuma, kiboko alivyoibuka akamkazia macho yeye peke yake katikati ya abiria na magunia. Sasa basi linapita juu ya maji kabla hujamaliza kumenya chungwa, na mwenyeji wako anakuuliza tu kama umeleta mchele.

Stelingi hakukubali. Wiki iliyopita, basi lilipokanyaga daraja, alisimama akamtaka dereva apunguze mwendo, apige picha na mto. Konda akamgeukia, noti zimekunjwa katikati ya vidole.

"Kaa chini, kaka. Basi hili lina stelingi mmoja, na wewe hujamlipa nauli."