Saa Moja kwa Juma

Ukiwa Tiwi na unajiona huna kazi, usikate tamaa kabla hujauliza Geneva. Huko, mwaka 2013, wataalamu wa takwimu za kazi walikubaliana kwamba ukifanya kazi ya malipo walau saa moja kwa juma, tayari umeajiriwa. Basi kijana aliyemtembeza mtalii ufukweni Jumanne kwa saa moja, akaambulia cha chai, yuko kazini juma zima. Hongera zake.

Jirani yangu je? Alfajiri yuko kisimani. Adhuhuri yuko mkekani, anakunja jani la mnazi kwenye ufito, anashona, anakunja jingine. Vidole vimeota sugu. Makuti yakiwa ya kuuza, ameajiriwa. Yakiwa ya kuezekea paa lake mwenyewe, hana ajira, ingawa waungwana wale wamekubali kwa hisani yao kuiita “kazi”. Maji, kuni na kulea wajukuu, hali ni hiyo hiyo.

Nilipomweleza, alinitazama kwa huruma: “Na wewe mwanangu, unayeshinda hapa ukinihesabia makuti, umeandikwa wapi?”

Mimi saa yangu ya juma hili nimeshaimaliza.