Kamati ya Maafa ya Msitu wa Ngezi

Wanyama wa msitu wa Ngezi, kule kaskazini mwa Pemba, walikuwa na imani moja isiyoandikwa popote: kimbunga hakijui njia ya Pemba. Ushahidi wao ulikuwa wa mwaka 1872. Aprili ya mwaka ule kimbunga kiliivamia Unguja, kikaangusha mikarafuu shamba kwa shamba, na Pemba ikasalimika. Ndipo ufalme wa karafuu ulipohamia huku. Mzee Popo aliisimulia habari hiyo kila msiba na kila harusi, utadhani kimbunga kile kilikuja kumpigia hodi babu yake kwanza. Naye ndiye aliyepaswa kuwa wa mwisho kusema maneno hayo. Ukoo wake haupatikani popote duniani ila Pemba, na miaka ya 1980 nusura uishie wote chunguni.

Basi Mei 2024 kikaja Hidaya. Kikatua upande wa Mafia, safari za baharini zikasimamishwa, na Ngezi wakabaki wakiangalia mawingu. Kimbunga kilipokufa, Sheha Tumbili akaunda Kamati ya Maafa. Kazi ya kwanza ya Kamati ilikuwa kujipongeza kwa kukizuia kimbunga. Ya pili ilikuwa kupanga posho.

Haikupita muda meli ikamshusha Kunguru kutoka Unguja. Ukoo wake uliletwa huko mwishoni mwa karne ya 19 kuokota taka, lakini siku hizi Kunguru ni mshauri mwelekezi. Alikuja na begi jekundu aliloliita Begi la Uhai. Ndani mlikuwa na filimbi, dira, blanketi la karatasi inayong'aa, makopo sita ya maharage na glovu nene za theluji.

"Theluji ndiyo nini, bwana?" akauliza Ninga.

"Ndiyo hii hii mvua," akajibu Kunguru, "ila imesoma."

Kamati ikanunua mabegi 40. Likajengwa na ghala, mlango wa chuma, sakafu ya saruji, na magunia ya mchele wa mapembe yakapangwa chini, yameegemea ukuta. Ufunguo ulikuwa mmoja, nao ulikaa mfukoni mwa Sheha. Ulinzi alipewa Komba, kwa sababu ana macho makubwa na usiku halali. Anachokifanya usiku hakuna aliyeuliza, ingawa kila mgema wa Konde angeweza kujibu.

Kamati haikumwalika Bi Buku, yule ajuza wa panya buku akaaye chini ya mizizi ya mvule. Na sababu ilijulikana: nyumba yake inanuka makopa. Muhogo wake aliumenya, akaupasua, akauanika juani siku kwa siku mpaka kipande kikivunjwa kilie ka! Kikipinda, hurudi juani. Kisha kapu lilipandishwa darini, juu ya mafiga, moshi ulipake vizuri, maana dumuzi hapatani na moshi. Samaki alimpasua mgongoni, akamtia chumvi, akawa ng'onda. Mpunga aliuacha na makapi yake, akatwanga wa kutosha siku ile tu. Choroko alizichanganya na majivu. Kibiriti kilikaa kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza, karibu na koroboi na chupa ya mafuta ya taa. Mawingu yakianza kujikusanya upande wa kusi, alijaza mitungi kabla tone la kwanza halijaanguka, kwa kuwa alijua kisima kikiingiwa na maji ya mafuriko hakinyweki.

Wala dari lake halikuwa la kutazamwa. Kapu la zamani lilishushwa likaliwa, jipya likapanda. Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia: wengi wetu tukiweka akiba tunaiheshimu mpaka inaoza.

Watoto wa Sheha wakipita pale walibana pua. Mama yao, Bi Tumbili, alikuwa mstaarabu kidogo. Alimwambia bibi wa watu usoni.

"Bibi, makopa ni chakula cha njaa. Mimi nimenunua friza. Samaki wa mwezi mzima yumo."

"Na umeme ukikatika, mwanangu?"

"Utakatikaje? Unatoka Tanga, waya umepita chini ya bahari tangu 2010."

"Unguja nao walikuwa na waya. Ulipoharibika Desemba 2009 walikaa gizani karibu miezi mitatu."

"Aa, hayo ya Unguja," akasema Bi Tumbili, akaenda zake.

Masika yakaingia. Taarifa ya hali ya hewa ikabandikwa mtini, akaitwa Mzee Popo aisome, kwa kuwa ndiye msomi. Popo akaning'inia kama kawaida yake, miguu juu kichwa chini, na kila mshale uliokuwa unapanda yeye akauona unashuka. "Upepo unapungua," akatangaza. Wakapiga makofi.

Usiku ule upepo ukapiga mpaka mivule ikalia. Sheha hakuwepo. Alikuwa Unguja, kwenye warsha ya siku tatu ya kujiandaa na maafa, na ufunguo mfukoni. Kabla simu hazijapotea mtandao alifanikiwa kutuma ujumbe mmoja: mlango usifunguliwe mpaka atangaze rasmi kuwa kuna dharura. Bahari ikachafuka, meli zikafungwa bandarini Malindi, Unguja, na umeme ukazimika.

Siku mbili za mwanzo zilikuwa sikukuu. Mashelisheli yameanguka, ndizi zimelala chini, kila mtu anakula mpaka tumbo linamuuma. Bi Buku peke yake aliokota mashelisheli akayakata vipande vyembamba, akayatandaza juu ya moto. Wakamcheka: bibi huyu hata neema anaifanyia kazi! Siku ya tatu masazo yakaingia inzi. Ya nne, friza la Bi Tumbili likafunguliwa, na mtaa mzima ukabana pua kama walivyozoea kubana kwa Bi Buku. Madukani Konde hapakuwa na mchele, kwa sababu mchele wa dukani huja na meli.

Siku ya tano wakavunja mlango wa ghala. Komba alikuwa amelala juu ya magunia, kibuyu kifuani. Mchele wa chini umenyonya unyevu wa saruji, umeshikana mabonge ya kijani. Makopo ya maharage yapo mazima, ila hapakuwa na cha kuyafungulia. Ninga aliligonga kopo mpaka mdomo ukafa ganzi. Zikabaki filimbi. Siku ile Ngezi nzima ilipuliza filimbi za kuomba msaada, na hakuna aliyekuja, maana wote wa kuja ndio waliokuwa wakipuliza.

Magharibi wakasimama mbele ya mvule, vichwa chini, isipokuwa Popo ambaye kichwa chini kwake si dalili ya majuto.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Leo harufu haiwaumizi?"

Bi Buku hakuwa walii. Alitoa kibaba, akapima: nyumba moja, kibaba kimoja cha makopa na kipande cha ng'onda, na asiyeleta kuni halipati fungu lake. Komba alipewa ndoo akateke maji. Bi Tumbili akaonyeshwa kinu. "Mchi ule pale, mwanangu. Hauhitaji waya." Akatwanga unga wa bada mpaka malengelenge yakamtoka, akala kuliko wote. Hivyo ndivyo walivyofika siku ya tisa, iliposikika habari kuwa meli imepiga honi Mkoani.

Sheha alishuka na cheti cha warsha. Ripoti iliandikwa na Kunguru wiki ile ile: Kamati imefanikiwa kulisha wananchi kwa mpango maalumu wa chakula cha asili. Bajeti mpya ikapitishwa. Yataagizwa mabegi mengine 40, safari hii yenye kifungulio cha makopo, na funguo za ghala zitakuwa mbili, zote kwa Sheha. Aidha kutakuwa na semina ya mbinu za kisasa za kukausha muhogo. Mtoa mada ni Kunguru. Bi Buku ameandikwa miongoni mwa washiriki wanaohitaji kujengewa uwezo, na nauli atarudishiwa.

"Mwambieni Sheha," alimjibu tarishi, "dari langu limebaki nusu na jua ndiyo kwanza limetoka. Akitaka kujengwa, aje na kisu chake."

Sasa, msomaji wa Konde, Wete, Chake au Mkoani, kabla hujaniuliza Sheha huyo ni yupi, hebu panda darini kwako kwanza ukaangalie kuna nini.