Mizani ya Dagaa

Binti yangu wa kidato cha pili amejiunga na klabu ya mazingira shuleni, na tangu hapo nyumba yetu ya Buswelu haina amani. Agosti ilipofika nikatangaza kwamba naenda Nanenane pale Nyamhongolo. Akanitazama kama trafiki anavyotazama bajaji yenye abiria sita.

"Baba, safari hii urudi bila takataka. Tutapima."

Alimaanisha kupima kweli. Mama yake anauza dagaa barazani, na mizani ipo.

Nikakubali, nikidhani ni suala la kubeba vyombo tu. Nikapakia kikapu cha ukindu: chupa ya chuma ya maji, hotpoti, kijiko na kikombe cha bati. Getini mlinzi akafunua hotpoti, akachungulia, akakuta haina kitu. Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa huruma. "Pita tu, mzee. Utapata chochote humo ndani."

Nilipata kupita kiasi. Meza ya kwanza binti mmoja alininyooshea kipeperushi cha mashine ya kuangulia vifaranga. Nikamwambia, "Asante mwanangu, ngoja nikipige picha kwa simu." Uso ukamshuka kana kwamba nimesusia pilau ya harusi yake. Sisi wengine hatukulelewa kumrudishia mtu mkono wenye kitu. Nikapokea. Wa meza ya pili alikuwa anaona, nikapokea na kwake. Kufika meza ya kumi kikapu kilikuwa na mbegu za mahindi, vizimba vya samaki, pampu za sola na bima ya mazao, vyote kwenye karatasi nzito inayong'aa ambayo hata jiko la mkaa huitema. Kimojawapo, Mungu ni shahidi yangu, kilihimiza kupunguza matumizi ya karatasi. Hicho nilipewa viwili. "Kingine cha mama nyumbani."

Kijana mmoja akaona ninavyoelemewa, akaniletea mfuko wenye nembo. Hapo nikasimama imara, maana somo la mifuko nalijua kwa kulishwa mezani kila jioni. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa ni marufuku nchini, na ukikutwa nao faini inaanzia shilingi 30,000. Tukahamia mifuko mbadala, hii inayofanana na kitambaa, tukajiona tumetubu. Binti yangu anasema mingi ni polipropilini, yaani plastiki ileile imevaa kanzu. Nikaukataa mfuko. Kijana akanielewa vizuri sana, akanivika kofia.

Saa nane nikaenda kwa mama ntilie. "Mwadila, mayu." Akaitikia vizuri, mpaka nilipotoa hotpoti na kumwomba anitilie humo, nisitumie sahani yake ya kutupa. Sato wa kukaanga akaizidi hotpoti urefu. Mama akamkunja, sato akakunjuka. Akamkunja tena. Watu wa benchi la pili wakaacha kula. Hatimaye alikaa kichwa chini mkia juu, ugali ukaenda kwenye kifuniko, na mchuzi, kwa kukosa makazi, kwenye kikombe cha bati. Nilikula vizuri, sikatai. Lakini mwiba ukanikaa kooni, chupa yangu imekauka, kikombe kina mchuzi, na mtu mwenye mwiba haulizi bomba liko wapi. Nilinunua maji ya dukani, chupa ya plastiki, nikanywa yote kwa pumzi moja.

Nikajipoza kwa kununua mche wa parachichi. Nani atakosea kwa kununua mti? Nilikuwa nimeshapanda bajaji, mche mapajani, ndipo nikatambua kwamba mizizi imekaa kwenye kiriba, na kiriba ni plastiki. Sheria ya mwaka 2019 ilivisamehe vifungashio vya kilimo. Binti yangu hakutajwa popote kwamba naye amesamehe.

Nyumbani mizani ilikuwa inasubiri. Mifupa ya sato tulimpa paka, ikaondolewa hesabuni. Kofia iliingizwa. Juu ya mche tulibishana hadi adhana ya magharibi: mimi nikitetea udongo, yeye akidai kiriba, mwishowe tukapatana kwamba kiriba kitapimwa baada ya kupanda. Bila hicho, mshale ulisimama kwenye kilo mbili kasoro robo. Binti akaandika kwenye daftari na kupiga mstari chini kwa rula.

"Mmemaliza?" mama yake akauliza. "Nina mteja." Akanyang'anya mizani, akapima dagaa robo kilo, akatafuta gazeti la kufungia. Halikuwepo. Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye rundo langu la vipeperushi, ukazungusha kimoja kikawa koni, dagaa zikaingia, mteja akaondoka. Binti yangu akafuta kilo mbili kasoro robo, akaandika tena pembeni kwa penseli.

Kesho yake asubuhi mteja yule alirudi. Mkononi alikuwa na kipeperushi kilekile, kimekunjuliwa na kunyooshwa, kinanuka ziwa zima.

"Shemeji," akaniambia, "hii mashine ya kuangulia vifaranga, wanauza shilingi ngapi?"

Sikujua. Sikuwa nimekisoma.