Namna ya Kuwa Bingwa wa Komedi na Gemu ya Mkononi, Arua hadi Koboko

Kwanza, acha tamaa ya kuielewa filamu. Anayeingia ukumbi wa video Arua ili asikie Liam Neeson anasema nini kwenye The Naked Gun ya 2025 amekosea mlango. Wa kusikilizwa ni VJ, yule mtafsiri anayeongea juu ya filamu, naye hutafsiri kwa Kiganda huko Kampala. Akiamua, polisi wa Los Angeles ana shemeji Masaka na deni la bodaboda. Wewe ni Mlugbara, Kiganda chako ni cha stendi ya basi; haidhuru. Wenzako wakicheka, cheka, kisha mgeukie jirani umfafanulie. Hapo utaanza kuheshimika.

Ukitaka kucheka kwelikweli, chagua filamu ya mapigano. Who Killed Captain Alex?, ambayo Isaac Nabwana aliitoa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, ni ya risasi mwanzo mwisho, lakini mdomo wa VJ Emmie ndio uliowavunja mbavu watu hadi Marekani. Kwangu mimi, VJ mzuri anawazidi wachekeshaji wengi wa Hollywood, na kwenye filamu haonekani sura.

Sasa gemu. Nintendo Switch 2 ilitoka Juni 2025 kwa dola 450 Marekani, zaidi ya shilingi milioni moja na nusu za Uganda. Izungumzie kila siku kana kwamba umeisahau nyumbani. Mkononi shika ile ya plastiki iliyoandikwa kuwa ina gemu 9999: karibu zote ni matofali yaleyale yanayoanguka, ila mengine yana haraka. Betri zikichoka zianike juani. Kuna wanaoziuma, meno ni yao. Usicheze peke yako kamwe. Tafuta watu watatu wa kusimama nyuma yako wakipiga kelele "Geuza! Geuza!", maana ukishindwa lazima awepo wa kulaumiwa.

Zamani tulilaumu umeme. Eneo letu la West Nile lilitegemea jenereta na mtambo mdogo wa maji wa Nyagak, megawati 3.5, hadi lilipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024. Maendeleo yametunyang'anya kisingizio kilichotufaa miaka mingi.

Siku ya kwenda Koboko, kilomita zipatazo 55 za lami, Kiganda kiache Arua. Kule Kongo na Sudan Kusini ziko jirani, na kwenye benchi moja utakuta Kikakwa, Kiswahili, Lingala na Kiarabu cha Juba. Beba filamu za DJ Afro wa Kenya, anayetafsiri kwa Kiswahili. Usipokuwa nazo, zima sauti uwe VJ mwenyewe. Watu wakidai kiingilio chao, sema huo ndio utani wenyewe.

Na memori kadi yenye filamu hizo usimwazime mtu, hata awe mjomba wako. Hairudi.